Ramani ya polisi inasema kijiji chetu kimeharibika, nihame?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyeko Lincolnshire, Uingereza, nimelifupisha kidogo tu:

"Kaka shikamoo. Mimi mtu wa Tanga, huku nina mwaka wa pili, nafanya kazi ya kea, yaani kulea wazee, kwenye kijiji kidogo, kanisa moja, pub moja, duka moja na shule ya msingi basi. Nilipokuja niliambiwa hapa salama, watu wanalala milango wazi. Sasa grupu la Facebook la kijiji kila siku kelele, uhalifu umepanda, watoto wamekuwa wahuni. Nikaingia kwenye ramani ya polisi nikakuta mwezi mmoja matukio 7 ya ukatili na ngono, mawili yameandikwa mtaa wetu kabisa! Alafu wiki iliyopita watoto wa baiskeli wamenirushia mayai dirishani siku mbili tofauti. Sijapiga simu, naogopa kujichafulia viza. Nina mwanangu wa miaka 13, jioni anashinda na wenzake kituo cha basi, na kwenye birthday nimemnunulia skuta ya umeme. Nihame?"

Marahaba dada yangu, na pole na mayai. Najua kuna mtu hapa ameshaanza kucheka, ila ukiwa mwenyewe na mtoto, giza la huku limeshaingia saa kumi na moja jioni, ghafla kitu kinapiga kioo paa, hucheki. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya usalama wa jamii kwenye kaunsili moja (halmashauri) huku Uingereza, meza moja na polisi, watu wa idara ya nyumba na walimu, tukipitia namba hizo hizo unazozitazama wewe, kwa hiyo nivumilie nitajibu kirefu. Jibu la nihame nalitoa mapema ili usome ukiwa umetulia: hapana, si kwa sababu ya hiyo ramani. Ila simu piga. Na hayo mambo mawili ni jambo moja, utaona.

Hiyo ramani ipo tangu 2011 na mimi siisemi vibaya, nchi ngapi mwananchi anaweza kukaa kitandani na simu yake akaona kilichoripotiwa mtaani kwake mwezi kwa mwezi. Shida ni kwamba mjini inasomeka vizuri, kijijini inaanza kusema mambo ya ajabu. Kwanza ile pini haikai palipotokea tukio. Ili mwathirika asijulikane, kila tukio linasukumwa mpaka kwenye nukta ya karibu iliyopangwa kabla, na nukta zenyewe zimechaguliwa ili kila moja iwe na anwani zisizopungua 8 kwenye eneo lake, au isiwe na anwani kabisa, kama vile bustani au maegesho. Sasa mjini anwani 8 ni ngazi mbili za jengo moja. Kijijini kwenu anwani 8 ni barabara nzima na shamba la viazi katikati. Ndo maana wanaandika tukio limetokea mtaa fulani "au karibu nao", na hilo neno karibu ndo limebeba mzigo wote. Hayo mawili ya mtaa wenu yanaweza kuwa ya nyumba iliyo nusu maili kutoka kwako.

Pili, hilo fungu la "ukatili na ngono" ni gunia. Ndani humo kuna mambo mazito kweli kweli, ubakaji umo, kuua kumo, lakini kumo pia kumsukuma mtu bila hata kumwachia alama, kumtishia, kumfuatafuata, kumtumia meseji za kumtesa. Mtu aliyeachana na mkewe akawa anamtumia matusi usiku kucha anaingia gunia moja na aliyemkata mwenzake chupa. Na kwenye ukatili unaorekodiwa na polisi wa England na Wales kama theluthi moja unahusu majumbani, mume, mke, mzazi, mtoto mkubwa, watu wanaojuana. Sisemi hiyo ni ndogo, hiyo ndo kubwa kuliko zote na nimeona ilivyoua, ila haikusubiri wewe kwenye kona ukitoka shifti ya usiku. Nikiona kijiji cha pub moja kina saba kwa mwezi akili yangu haiendi kwa genge, inaenda kwenye nyumba mbili au tatu ambazo polisi wanazijua mpaka jina la mbwa.

Alafu kuna historia ambayo grupu lenu la Facebook haliwezi kukwambia. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walipita vikosini wakakuta karibu uhalifu mmoja kati ya mitano unaoripotiwa haukuandikwa kabisa, asilimia 19, mtu anapiga simu, anaongea, na haingii kitabuni. Mwaka huo huo takwimu za polisi zilinyang'anywa ile hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa. Vikosi vikaona aibu, vikaanza kuandika kila kitu, na kwenye karatasi ukatili ukapanda mwaka hadi mwaka. Watu wakasema nchi imeharibika! Kumbe kalamu ndo ilianza kufanya kazi. Kuna kipimo kingine, ule utafiti wa kitaifa wa kuwauliza watu wenyewe majumbani yaliyowapata, wameufanya tangu miaka ya themanini mwanzoni, na wenyewe unaonyesha uhalifu wa kawaida, yaani wizi, uvunjaji, ukatili, uharibifu, ulifika kileleni 1995, karibu matukio milioni 20 kwa mwaka, na tangu hapo umeshuka kama robo tatu. Wazee wa kijiji wanaokwambia zamani ilikuwa raha walikuwa wanaibiwa zaidi wewe hujazaliwa au uko darasa la pili.

Kilichopanda ni utapeli. Kwenye utafiti huo sasa kama matukio manne kati ya kumi ni ya utapeli, simu za uongo za benki, meseji za "mama nimepoteza simu nitumie hela namba hii", na huo kwenye ramani HAUPO, hamna pini yake. Wewe unayelea wazee hapo ndo ungenisikiliza vizuri, maana bibi unayempelekea chai ana hatari ndogo ya kuvunjiwa mlango kuliko hatari ya simu yake ya mezani.

Tatu, udogo wa namba. Kijiji kikiwa na wizi wa magari mawili mwaka jana na manne mwaka huu, mtu wa grupu anaandika umepanda asilimia 100, na hajadanganya! Mwaka 2016 magazeti yaliwabandika majirani zenu wa Boston, hapo hapo Lincolnshire, jina la mji mkuu wa mauaji. Ukifungua hesabu unakuta wamejumlisha mauaji na majaribio ya kuua, kwenye wilaya ya watu 60,000 na ushee, wakageuza iwe kwa kila watu 100,000, matukio ya kuhesabika kwa vidole yakawa habari ya dunia. Watu wa Boston mpaka leo wanakereka na jina hilo, na mimi ningekereka. Ni kama City ya London, ile ya katikati yenye mabenki, ukigawa uhalifu wake kwa wakazi inaonekana jehanamu, kumbe wakazi ni wachache mno na wanaoingia kazini kila asubuhi ni mamia ya maelfu. Kijiji chako kikiwa na kituo cha mafuta kwenye barabara kuu, wizi wote wa mafuta wa wapita njia unahesabiwa kwenu.

Sasa tuje kwenye kero, maana mayai yako yako huku. Polisi wa huku wana fungu linaloitwa ASB, tabia za kuwasumbua wengine, na watu wengi hawajui kwamba tukio la ASB si lazima liwe kosa la jinai. Wanaligawa kwa aina tatu, linalomlenga mtu fulani, linalosumbua jamii kwa ujumla, na linaloharibu mazingira kama kutupa takataka ovyo. Kwa mwaka polisi wanaandika kama milioni moja England na Wales nzima. Mwaka 2020 namba ilipaa ghafla, na si kwamba Waingereza walipata wazimu, ni kwamba walikuwa wamefungiwa ndani na jirani akiona jirani ana wageni wawili bustanini anapiga simu, na vikosi vingi vikaziandika simu hizo kama ASB. Ukitazama grafu bila kujua hilo unaona mlima, unaanza kuutafutia maana.

Hapo ndo kiini cha jibu langu dada. Ramani ya kijiji haihesabu kinachotokea, inahesabu anayepiga simu. Nilikuwa na eneo moja, kijiji kizuri mno, maua mlangoni, na kwenye ASB kilikuwa juu ya vijiji vyote vya jirani. Tukaenda kuangalia, karibu simu zote zilikuwa za nyumba mbili zinazotazamana na uwanja wa mpira, vijana wanapiga mpira baada ya saa mbili usiku, basi. Na kijiji cha pili, maili nne tu, kwenye ramani kimya kama makaburini, siku tulipogonga milango tukakuta mama wa Kireno amepasuliwa dirisha mara tatu na kijana wa Kiromania anafanya kazi kwenye ghala la mboga amechomewa pipa la taka, hakuna aliyepiga simu hata mmoja. Kwa nini? Kiingereza, uchovu wa shifti, na hofu ya viza, hiyo hiyo yako. Sasa gari la doria likawa linakwenda wapi? Linakwenda kwenye mpira. Kimya chenu ndo kinachora ramani mnayoiogopa.

Viza basi tuimalize. Wewe una viza yako halali ya kea, ukipiga simu kama mtu aliyekosewa haikugusi kitu, wala haiendi kwa mwajiri, wala haikupunguzii siku ya kuomba ukaazi. Kuripoti si kesi dhidi yako. Kama kuna ndugu yetu anayesoma hapa na karatasi zake haziko sawa, huyo hali yake ni tofauti, aongee kwanza na mwanasheria wa uhamiaji au shirika la kusaidia waathirika kabla ya kitu kingine. Ila wewe, hapana, hiyo hofu ivue.

Namna ya kuripoti: mayai yakirushwa na watoto wako pale pale na unaona hatari, 999. Wameshakimbia, 101 au fomu ya kwenye tovuti ya kikosi chenu, mimi nakushauri fomu kwa sababu 101 utasikiliza muziki mpaka uchoke na shifti yako haisubiri. Andika tarehe, saa, wangapi, baiskeli rangi gani, walisema nini, piga picha kioo kabla hujakifuta, na usikubali kuondoka bila namba ya kumbukumbu. Utakapoona hawajaja mtu usikate tamaa ukasema hakuna maana, maana ile namba ndo mali yako. Kuna sheria ya 2014, ndo iliyozika zile ASBO maarufu za enzi za Blair, amri za mahakama za kumzuia mtu kusumbua wenzake, ndani yake imo haki wachache wanaijua: ukishalalamika mara tatu ndani ya miezi sita na unaona hakuna la maana lililofanyika, unaweza kudai kesi yako ipitiwe upya, polisi na kaunsili na wa nyumba wote wakae wajieleze. Maeneo mengine kizingiti chao ni cha chini zaidi ya hapo, juu zaidi hairuhusiwi. Bila namba tatu huna cha kudai, una hadithi tu. Nimewaona wazungu waliostaafu wanaijua haki hiyo kama Baba Yetu, na watu wetu hakuna anayeijua.

Jambo jingine uliloligusa bila kulisema. Siku mbili tofauti, dirisha lako. Uliza majirani wawili watatu kama na wao wamepata. Kama ni mwisho wa Oktoba mwanzo wa Novemba uwezekano mkubwa ni mtaa mzima, maana kipindi hicho kuna Halloween tarehe 31, kuna sehemu za kaskazini wana usiku wao wa utundu tarehe 4 Novemba, kesho yake mafataki ya Bonfire Night, na mayai ni silaha yao ya jadi, yapo maduka yanakataa kabisa kuwauzia watoto mayai na unga wiki hiyo. Lakini kama ni nyumba yako tu, au kuna neno lilitamkwa kuhusu rangi yako au mtandio wako, liseme neno hilo kwenye ripoti, usilimezee. Tangu uchunguzi wa Macpherson wa 1999 baada ya kuuawa kijana Stephen Lawrence, polisi wa huku wanatakiwa kulichukulia kosa kama la chuki endapo wewe uliyetendewa au mtu mwingine yeyote anaona ni la chuki, huhitaji kuleta ushahidi wa kilichomo moyoni mwa mtoto. Na sitakwambia unajitisha bure, mimi mwenyewe kiangazi cha 2024, baada ya wale watoto kuuawa Southport na vurugu kusambaa miji kadhaa, niliwaambia wanangu wasitoke jioni. Hofu hiyo ina mizizi, tofautisha tu na hofu ya kwenye grupu.

Kuhusu hao vijana wa kituo cha basi, hapa nitaongea kama mtu wa pwani. Kwetu vijana wana baraza, wanakaa wanapiga soga mpaka usiku, mzee akipita wanamwamkia, hakuna anayeita polisi kwa sababu kijana amekaa. Huku hamna baraza. Kilichopo ni kituo cha basi, kina paa, kina benchi, hakidai kiingilio. Zamani vijiji vingi vilikuwa na klabu ya vijana, angalau jioni moja kwa wiki, ila tangu 2010 hela za kaunsili za huduma za vijana zimekatwa zaidi ya nusu, na basi lenyewe la kwenda mjini jioni halipo tena. Ukichanganya na askari, walipungua kama 20,000 kati ya 2010 na 2018 kabla serikali haijaanza kuwarudisha, na wale wasaidizi wa polisi wanaotembea kwa miguu, walioletwa na sheria ya 2002, wamepungua zaidi ya nusu tangu 2010. Hao ndo waliokuwa wanawajua watoto kwa majina. Kwa hiyo mtoto yuko pale pale alipokuwa kaka yake miaka kumi na tano iliyopita, aliyepotea ni mtu mzima wa kumwambia Jack nenda nyumbani nitamwambia mama yako.

Lakini mwanao usimwache hivi hivi ukasema kaka kasema ni baraza. Umri wa kushtakiwa England ni miaka 10, si 18 wala 15, kumi! Akikutwa kwenye kundi linaloleta fujo polisi wana uwezo wa kuwaamuru watawanyike na wasirudi eneo hilo mpaka saa 48, na kukaidi amri hiyo ndo kosa lenyewe, hata kama mwanzo alikuwa anakula chipsi tu. Mkiomba uraia baadaye wanaangalia tabia njema ya mtoto kuanzia miaka hiyo hiyo 10. Mwambie hivyo, kwa utulivu, bila fimbo. Na visu, akikwambia kisu ni cha kujikinga kama wenzake, hapo ndo upige kelele zako zote za Kitanga, maana kutembea nacho bila sababu ya msingi ni kosa hata kama hajakitoa mfukoni.

Uhalifu wa kweli wa kijiji chenu ni huu ambao pengine hata hujauona. Lincolnshire ni nyika tambarare, mashamba, na baada ya mavuno mpaka majira ya kuchipua kuna watu wanakuja na magari ya 4x4 na mbwa wembamba warefu kuwinda sungura kwa kamari, wanavunja mageti, wanakanyaga ngano, na mkulima akiwatokea wanamtishia kumchomea ghala. Sisi sungura kwetu ni mjanja wa hadithi, fisi hamuwezi, huku anakimbizwa watu wanabeti, tena saa zingine wanarusha laivu kwenye simu. Polisi wa Lincolnshire wana operesheni yao maalumu ya jambo hilo, inaitwa Galileo, na sheria ya 2022 iliongeza adhabu ikafikia kifungo cha miezi sita. Kuna wizi wa vifaa vya GPS kwenye matrekta, pikipiki za magurudumu manne, mafuta ya kupashia nyumba joto yanafyonzwa kwenye tenki nyuma ya nyumba usiku, madini ya risasi yaliyoezekwa paa la kanisa yanabanduliwa. Ukiwa unatoka shifti alfajiri ukaona gari limesimama pembeni ya shamba na mbwa wanashushwa, chukua namba ya gari, usisimame, ripoti. Nakuhakikishia hakuna kitu kitakachokupatia marafiki kijijini kwa haraka kama hicho, wakulima hao hawatakusahau.

Na jingine linalokuhusu kwa kazi yako. Biashara ya madawa siku hizi inatoka miji mikubwa kama London na Liverpool inaingia miji midogo, wanatumia watoto kubeba na wanateka nyumba ya mtu dhaifu, mgonjwa wa akili, mzee mpweke, mlevi, wanahamia kwake kama ndege yule anayetaga kwenye kiota cha mwenzake, wanauzia hapo. Mtu wa kwanza kugundua mara nyingi ni kea. Umezoea kumkuta mzee peke yake, ghafla kuna "mpwa" wa miaka 19 hamjui hata jina lake la pili, mapazia hayafunguliwi, watu wanagonga dakika mbili wanaondoka, mzee hataki tena uingie chumba cha nyuma. Usiulize maswali pale ndani, toka, mwambie meneja wako siku hiyo hiyo na uiandike. Ukiogopa jina lako lijulikane ipo Crimestoppers, shirika la kupokea taarifa za uhalifu, wale hawachukui jina.

Wizi wa dukani siuzungumzii sana, kwa nchi nzima ulipita 500,000 kwenye vitabu vya polisi mwaka 2024 na kijiji chenu duka ni moja, mfanyakazi wake atakusimulia kuliko mimi.

Unaloweza kufanya mwezi huu ni dogo tu. Serikali ilitangaza 2025 kwamba kila mtaa uwe na askari wake anayejulikana jina na anayepatikana, mfano wa polisi kata wa nyumbani, kwa hiyo andika postikodi yako kwenye ile ile police.uk, shuka chini ya ramani, utaona timu yenu na siku wanazokutana na wananchi. Alafu kuna kaunsili ya parishi, ile ndogo kabisa ya kijiji, mikutano yake iko wazi kwa yeyote, mara nyingi taarifa ya polisi inasomwa pale na wasikilizaji ni wazee sita na mbwa mmoja. Nenda, kaa, mwisho wananyoosha mikono, sema mimi naishi mtaa fulani, nimerushiwa mayai mara mbili, nimeripoti, namba yangu hii. Usiende na hasira na usiende na bajia ukidhani utawanunua, ingawa bajia hazijawahi kukataliwa. Kuna ile ya majirani kulindana pia, iliyoanzia kijiji cha Mollington huko Cheshire mwaka 1982, kijiji kidogo kama chako, wala si sungusungu, hawana marungu, kazi yao ni kutazama na kupiga simu. Uliza kama kwenu ipo. Mara nyingi mwenyekiti wake ana miaka 78 na anatafuta mrithi.

Kamera ya mlangoni? Weka kama hela ipo, ila igeuze itazame mlango wako na njia yako, isimtazame jirani bustanini, kuna kesi mahakama ya Oxford ya 2021 mtu alishindwa vibaya kwa sababu kamera na maikrofoni zake zilimnasa jirani. Ungeanza na taa inayowaka yenyewe mtu akipita, pauni chache tu, na watoto wa mayai wanaichukia kuliko kamera.

Nimeiacha skuta mwisho kwa sababu najua umeinunua kwa pesa ya ovataimu. Dada, skuta ya umeme ya mtu binafsi hairuhusiwi barabarani wala kwenye njia ya waenda kwa miguu popote England, zinazoruhusiwa ni zile za kukodi kwenye miji ya majaribio na lazima uwe na leseni, ya kwake mwisho wake ni ndani ya uwanja wa nyumba yenu au ardhi ya mtu aliyempa ruhusa. Polisi wanaweza kuichukua na usiione tena, na kwa kutokuwa na bima anaweza kupigwa faini na pointi 6 zinazomsubiri kwenye leseni ambayo hata hajaiomba. Watu wa grupu lenu wanaolalamika kuhusu "wahuni wa skuta" inawezekana wanamsema wa kwako. Baiskeli ya umeme yenyewe mpaka afike miaka 14. Kama risiti bado unayo irudishe, mchukulie baiskeli ya kukanyaga.